Upasuaji wa Wazi wa Uti wa Mgongo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Saini na Baada ya Kurudi Nyumbani

Katika toleo hili somo letu la afya linahusu upasuaji wa uti wa mgongo, hasa ule wa njia ya kawaida ambao madaktari huuita upasuaji wa wazi. Tumechagua mada hii kwa sababu barua zinazofika ofisi ya miradi kutoka sharikani zinafanana sana. Kamati ya diakonia inaandika kwamba muumini fulani ameambiwa anahitaji kupasuliwa mgongo, familia imeuza ng'ombe na magunia ya mpunga, usharika umechangisha, na bado kuna pengo. Gharama ya upasuaji huwa imeandikwa kwa uangalifu. Lakini mara nyingi hakuna mstari hata mmoja unaoeleza tatizo hasa ni nini, daktari anatarajia upasuaji ulete nini, na nani atamhudumia mgonjwa akisharudi nyumbani.

Lengo la somo ni kwamba wanakamati waweze kumsaidia mgonjwa kuuliza maswali yanayofaa, na wafadhili wetu waelewe kwa nini fedha ya upasuaji peke yake haitoshi. Somo hili halichukui nafasi ya daktari. Linamwandaa mgonjwa na ndugu zake kuzungumza naye.

Mkoa unaoishi kwa mgongo

Kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa kati ya Unyanyembe na pwani zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi, zikiwemo pembe za ndovu, nguo na shanga, katika njia ya zaidi ya kilomita 800 kati ya hapa na Bagamoyo. Misafara ile imekwisha, lakini mgongo haujapumzika. Mama anabeba ndoo ya lita 20 kichwani. Mkulima wa Urambo au Kaliua anabeba kuni za kukaushia tumbaku, kisha anainua mitumba ya tumbaku siku ya soko. Mrina asali wa Sikonge anapanda mti mrefu kuufuata mzinga. Msimu wa maembe watoto wanapanda miembe, ikiwemo ile mikubwa ya zamani iliyobaki kando ya njia ya misafara. Na siku hizi bodaboda imefika kila kijiji.

Watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa walioumia uti wa mgongo katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kati ya mwaka 2010 na 2014, waliona kuwa kuanguka ndiko kulikoongoza kwa kusababisha majeraha hayo, na ajali za barabarani zikafuata. Hali ya maisha ya mkoa wetu, yaani miti, mizinga na pikipiki, inatuonyesha kuwa jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Uti wa mgongo umejengwaje?

Uti wa mgongo una mifupa midogo 33 inayoitwa pingili. Saba ziko shingoni, 12 kifuani, tano kiunoni, na zilizobaki zimeungana chini na kufanya mfupa wa nyonga ya nyuma na kifandugu. Kati ya pingili zinazocheza kuna diski, ambazo ni kama mito midogo yenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Diski ndizo zinazopokea uzito tunapobeba na kuinama.

Katikati ya pingili kuna mfereji. Ndani ya mfereji huo umepita ugwe mgongo, yaani kamba kuu inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Ugwe huu huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini kunabaki fungu la mishipa ya fahamu inayoning'inia kama nyuzi za katani. Mishipa hiyo ndiyo inayoendesha miguu, kibofu na haja kubwa. Tofauti hii ni muhimu. Mishipa ya fahamu iliyobanwa inaweza kupona kiasi kikubwa ikiachiwa mapema. Ugwe mgongo uliokatika au kupondeka kabisa haujapatiwa tiba ya kuurudisha mahali popote duniani.

Maumivu mengi ya mgongo hayahitaji kisu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Idadi kubwa ya watu hao hawakuhitaji upasuaji. Maumivu ya kawaida ya misuli na viungo hupungua kwa dawa za maumivu, kuendelea na shughuli nyepesi, mazoezi ya viungo na kubadili namna ya kubeba mizigo. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii, kwani misuli hulegea na mgongo hukaza. Hata diski iliyochomoza na kuubana mshipa wa mguu, wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya majuma kadhaa bila kupasuliwa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kila mwanakamati anapaswa kuukumbuka, nao ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Mgonjwa huwa na maumivu ya mgongo yasiyoisha kwa wiki nyingi, hukonda, hupata homa za jioni na jasho la usiku, na mwishowe mgongo hutokeza kibiongo. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Daktari wa Kiingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Tiba yake kuu ni dawa za kifua kikuu, ambazo hapa nchini hutolewa bure, na ni lazima zimezwe kwa miezi yote ambayo daktari ameelekeza. Tafiti zilizofanywa Korea ya Kusini, Hong Kong, India na kusini mwa Afrika kuanzia miaka ya 1960 zilionyesha kuwa wagonjwa wengi hupona kwa dawa peke yake. Upasuaji huhitajika pale usaha au mfupa uliobomoka unapoubana ugwe, au kibiongo kinapoongezeka. Inasikitisha kuona kijana amechuliwa na kuchanjwa chale kwa mwaka mzima kwa tatizo ambalo dawa za bure zingelizuia kufika kwenye kisu.

Nani anahitaji upasuaji?

Kwa ufupi, daktari hufikiria upasuaji katika hali hizi:

- Diski iliyochomoza na kuubana mshipa wa fahamu, na maumivu ya mguu hayajapungua baada ya majuma mengi ya tiba, au mguu unaanza kulegea.
- Mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba kwa sababu ya umri. Mzee hutembea hatua chache, miguu ikafa ganzi, akainama au kukaa ndipo apate nafuu.
- Pingili zilizovunjika au kuhama kwa ajali au kuanguka.
- Kifua kikuu au uvimbe unaoubana ugwe mgongo.

Kuna dalili za dharura ambazo hazisubiri Jumapili wala harambee. Nazo ni miguu kulegea ghafla, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, kushindwa kuzuia haja kubwa, na ganzi sehemu za siri na matakoni. Mgonjwa mwenye dalili hizi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Saa zinazopotea hapa zinaweza kuwa tofauti kati ya kutembea na kutotembea.

Kwa aliyeanguka kutoka mtini au kupata ajali, namna ya kumbeba ni sehemu ya tiba. Msimwinue kwa kumshika mikono na miguu, wala msimkalishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke. Wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja kama gogo na kumlaza juu ya ubao au mlango ulionyooka, kisha watafute gari.

Upasuaji wa wazi ni nini?

Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1887 daktari Victor Horsley alifaulu kuondoa uvimbe uliokuwa ukibana ugwe mgongo wa mgonjwa huko London. Mwaka 1911, huko New York, madaktari Russell Hibbs na Fred Albee walieleza namna ya kuunganisha pingili kwa mfupa ili kuuimarisha mgongo, na wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo walikuwa miongoni mwa walionufaika mapema. Mwaka 1934 madaktari wa Marekani William Mixter na Joseph Barr walichapisha taarifa iliyoonyesha kwamba diski iliyochomoza ndiyo huleta maumivu yanayoshuka mguuni, na kwamba inaweza kuondolewa.

Katika upasuaji wa wazi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha hulazwa kifudifudi. Daktari hupasua ngozi katikati ya mgongo na kuisogeza misuli pembeni mpaka mifupa ionekane. Baada ya hapo hufanya kazi moja au zaidi kati ya hizi:

- Kuondoa sehemu ya nyuma ya pingili ili mfereji upanuke na mishipa iachiwe.
- Kuondoa kipande cha diski kilichochomoza.
- Kuunganisha pingili kwa skrubu, vyuma na mfupa wa kupandikiza ili zisicheze.

Upasuaji wa diski moja unaweza kuchukua saa moja au mbili. Wa kuweka vyuma huchukua saa kadhaa.

Wengine wamesikia habari za upasuaji wa tundu dogo unaotumia darubini na mirija, wakaamini kuwa wa wazi umepitwa na wakati. Sivyo. Tundu dogo lina faida zake. Jeraha ni dogo, damu hupotea kidogo, na mgonjwa huenda akatoka hospitali mapema. Hata hivyo linahitaji vifaa na mafunzo maalumu, na halifai kila tatizo. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa wa diski ziliona kuwa baada ya mwaka mmoja au miwili matokeo hayapishani sana. Kwa mifupa iliyovunjika vibaya au kibiongo kikubwa, daktari mara nyingi anahitaji kuona eneo lote. Hivyo familia isiuze shamba kufuata jina la njia. Iulize kwanza ni tatizo gani linatibiwa, na mpasuaji ana uzoefu gani nalo.

Kwa mgonjwa wa Tabora, safari huanzia zahanati au kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, na kutoka hapo rufaa inaweza kuelekezwa Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Tunasisitiza barua ya rufaa. Mgonjwa anayepanda basi bila barua hupoteza muda, na bima yake inaweza kukataa kulipa.

Upasuaji unaweza nini, na hauwezi nini

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Upasuaji wa uti wa mgongo hufanya kazi kubwa mbili. Kwanza, huondoa kinachobana mishipa ya fahamu au ugwe. Pili, huimarisha mifupa iliyolegea au kuvunjika. Ukimwuliza daktari ni ipi kati ya kazi hizi anakwenda kuifanya, umekwisha kuelewa nusu ya jambo.

Mwenye diski inayobana mshipa hutarajiwa kupata nafuu zaidi ya maumivu ya mguu kuliko ya kiuno. Ganzi na ulegevu huchukua muda mrefu zaidi kupungua, na wakati mwingine hubaki. Mzee mwenye mfereji mwembamba hutarajiwa kutembea mbali zaidi kuliko awali, si kurudi ujanani.

Kwa aliyevunjika mgongo, yote hutegemea hali ya ugwe. Kama bado ana hisia au anatikisa vidole, kuna tumaini la kurudisha nguvu zaidi, na miongozo ya kimataifa hupendekeza ugwe uachiwe ndani ya saa 24 pale inapowezekana. Kama ugwe umeharibika kabisa, vyuma na skrubu haviwezi kuufufua. Hata hivyo upasuaji unaweza bado kuwa na maana kubwa, kwa sababu mgongo ulioimarishwa humwezesha mgonjwa kukaa mapema, kupunguza maumivu, kuanza mazoezi na kutumia kiti cha magurudumu badala ya kulala chali kwa miezi mitatu.

Tofauti hii isipoelezwa, familia hulipia kutembea wakati daktari alikuwa akitibu kukaa. Mgonjwa akirudi bila kutembea, watu husema fedha zimeliwa, au mgonjwa amerogwa, na michango inakoma papo hapo. Ukweli ukisemwa mapema unauma, lakini unamwachia mgonjwa watu wa kumtunza.

Hatari ambazo mgonjwa ana haki ya kuzijua

Kila upasuaji una hatari zake, na fomu ya ridhaa inatiwa saini ili kuthibitisha kuwa mgonjwa ameelezwa. Kwa upasuaji wa wazi wa mgongo hatari hizo ni pamoja na kupoteza damu, jeraha kupata vijidudu, kutoboka kwa utando unaoufunika ugwe na maji yake kuvuja, kuumia kwa mshipa wa fahamu, damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni, matatizo ya dawa ya usingizi, skrubu kulegea au mifupa kutoshikana, na maumivu kubaki au kurudi. Nyingi hazitokei kwa mgonjwa mmojammoja, na nyingine hutibika. Lakini mgonjwa aliyezijua huripoti dalili mapema kuliko yule aliyeambiwa asiwe na wasiwasi.

Mgonjwa au ndugu aulize maswali haya, na mmoja ayaandike majibu:

1. Tatizo langu linaitwaje, na liko pingili ya wapi? Naomba kuonyeshwa kwenye picha.
2. Unakwenda kuachia mishipa, kuimarisha mifupa, au vyote viwili?
3. Nikiacha kupasuliwa sasa, kitatokea nini? Kuna tiba nyingine ya kujaribu kwanza?
4. Unatarajia niweze kufanya nini baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka?
5. Hatari gani ni kubwa zaidi kwa mtu wa hali yangu?
6. Gharama uliyotaja inajumuisha vyuma, skrubu, vipimo na mazoezi ya viungo, au upasuaji tu?
7. Nitahudhuria kliniki mara ngapi, na wapi?

Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari mwema hufurahi kuona mgonjwa anaelewa.

Maandalizi

*Damu.* Upasuaji wa wazi unaweza kuhitaji damu, na hospitali huomba ndugu wachangie. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi kiko hapahapa Tabora. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Usharika unaochangia damu mara kwa mara unasaidia hata wagonjwa usiowajua.

*Dawa na magonjwa mengine.* Mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, zikiwemo za kisukari, presha, ARV, aspirini na dawa za kienyeji. Baadhi huzuia damu kuganda. Nyingine hazipaswi kuachwa hata siku moja. Uamuzi ni wa daktari.

*Tumbaku.* Tunalima tumbaku, na wengi wetu tunavuta. Sigara na kiko huchelewesha mifupa kushikana na jeraha kupona. Mgonjwa aache wiki kadhaa kabla ya upasuaji, na asirudie baadaye.

*Bima na msamaha.* Kila kadi ya bima ina kikomo chake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, hivyo kamati ziulize ofisi ya bima ya wilaya utaratibu unaotumika na kama vifaa vya mgongo vimo. Asiye na uwezo aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali akiwa na barua kutoka serikali ya kijiji au mtaa wake. Hatua hii ifanyike kabla ya upasuaji, si siku ya kuruhusiwa.

*Msindikizaji.* Achaguliwe mtu mwenye nguvu na uvumilivu, ambaye ataweza kukaa mbali na nyumbani majuma kadhaa. Yeye ndiye atakayejifunza wodini namna ya kumgeuza na kumwogesha mgonjwa.

Baada ya upasuaji

Siku za kwanza mgonjwa huwa na maumivu ya jeraha, mrija wa kutoa damu na pengine mpira wa mkojo. Wengi husaidiwa kukaa na kusimama ndani ya siku chache, kadiri daktari anavyoruhusu. Nyuzi hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Kwa majuma sita ya mwanzo, na zaidi kwa waliowekewa vyuma, mgonjwa haruhusiwi kubeba ndoo, kulima, kupanda pikipiki kwenye barabara mbovu wala kuinama na kujipinda. Mifupa iliyounganishwa huchukua miezi sita hadi mwaka kushikana vizuri. Kwa mkulima, hiyo ni karibu msimu mzima bila jembe.

Arudi hospitali haraka akiona homa, jeraha kutoa usaha au maji meupe yasiyokoma, maumivu makali ya kichwa akikaa, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana, ulegevu mpya, au mkojo kuziba.

Kwa aliyebaki na kupooza, adui ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mgonjwa kwamba inaungua au inabanwa. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Akiwa kitini ajiinue kwa mikono mara kwa mara. Ngozi ikaguliwe kila siku, hasa matakoni, nyongani na visiginoni, na shuka ziwe kavu na zisizo na mikunjo. Kibofu kitolewe mkojo kwa saa maalumu kama alivyofundishwa, kwa mikono na mpira safi.

Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa aina hii walikuwa wakifa mapema kwa vidonda na mkojo wenye sumu. Guttmann hakuwa na kisu kipya. Alisisitiza kugeuza wagonjwa, kutunza kibofu, mazoezi na kuwapa kazi ya kufanya, nao wakaishi. Michezo aliyowaanzishia mwaka 1948 ndiyo iliyozaa michezo ya Paralimpiki. Leo zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo. Kugeuza mgonjwa kwa saa hakuhitaji mashine. Kunahitaji watu wanaopokezana.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Msamaria Mwema katika Injili ya Luka hakuishia kufunga majeraha. Aliacha fedha kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Huo ndio mpango tunaouomba. Kila ombi la msaada wa upasuaji wa mgongo litakaloletwa ofisini liwe na sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama za hospitali. Ya pili ni miezi sita baada ya kurudi, yaani:

- Nauli za kliniki, kwa gari linalofaa mgonjwa wa mgongo.
- Godoro zuri, sabuni, glavu, mipira ya mkojo na dawa.
- Mazoezi ya viungo katika hospitali iliyo karibu.
- Choo na mlango vinavyopitika kwa magongo au kiti cha magurudumu.
- Chakula cha familia na vibarua wa shamba kwa msimu ambao mgonjwa hatalima.
- Orodha ya majina ya watu watakaopokezana kumhudumia, siku kwa siku.

Wafadhili wetu wapendwa, tunajua kuwa picha ya chumba cha upasuaji huvutia zaidi kuliko picha ya shuka na sabuni. Hata hivyo, kazi iliyofanywa vizuri na daktari hospitalini inaweza kuharibika kwenye kitanda cha kamba kijijini, na fedha inayozuia hilo ni ndogo ikilinganishwa na ya upasuaji.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, ni nani wanaishi na maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa za jioni au kibiongo? Je, wamepimwa kifua kikuu?
2. Mtu akianguka kutoka mwembeni au mzingani leo, ni nani mwenye gari, na ni nani ajuaye kumbeba?
3. Mgonjwa wa mwisho tuliyemchangia alirudi lini? Nani alimtembelea mwezi uliopita, na ngozi yake ilikuwaje?

Kamati zitume majibu ya swali la tatu ofisini pamoja na taarifa za robo mwaka. Kwa wale watakaoonekana wamebaki peke yao, tutapanga nanyi ziara ya nyumbani kabla ya kupokea ombi jipya.